Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Kumbukumbu za Vita: Maisha na Nishani za Duke wa Aosta Zielezwe Kama Zilivyokuwa

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia makumbusho, makaburi ya kihistoria na maelezo yanayotolewa kwa wageni,
Nyeri na Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: MAKOSA KATIKA MAELEZO YA UTUMISHI NA NISHANI ZA AMEDEO, DUKE WA AOSTA, ALIYEFIA KIFUNGONI KENYA MWAKA 1942

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni waongoza wageni, walimu wa historia na wasomaji wa nyaraka za vita tunaoishi kati ya Mlima Kenya na Nyandarua. Tumeamua kuandika hadharani kwa sababu njia ya kawaida imeshindikana. Barua zetu zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na jibu la maandishi halikurudi. Muda wote huo karatasi zenye makosa zimeendelea kugawiwa, na wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi wameendelea kuyanakili makosa hayo madaftarini mwao.

Katika kanisa la kumbukumbu la Waitaliano lililoko Mathari, nje kidogo ya mji wa Nyeri, amezikwa Amedeo wa ukoo wa Savoia, Duke wa tatu wa Aosta, jenerali wa jeshi la anga na Mwakilishi wa Mfalme wa Italia huko Uhabeshi. Kanisa hilo lilijengwa mwaka 1952, na limehifadhi pia masalia ya askari 676 wa Italia. Mgeni anayefika hupewa hadithi fupi: mwana wa mfalme, shujaa mwenye nishani nyingi, aliyefia hapa akiwa mateka. Sehemu ya hadithi hiyo si kweli, na sehemu iliyo kweli imekatwa mahali pabaya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nao waliokufa chini ya utawala wake wana haki yao, na hiyo nayo hatuioni ikitolewa.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Ukoo wake umevurugwa

Amedeo hakuwa mwana wa mfalme. Alizaliwa Torino tarehe 21 Oktoba 1898. Baba yake, Emanuele Filiberto, Duke wa pili wa Aosta, aliongoza Jeshi la Tatu la Italia katika Vita Kuu ya Kwanza. Mama yake, Hélène, alitoka ukoo wa Orléans wa Ufaransa. Mfalme wa wakati huo, Vittorio Emanuele III, alikuwa binamu wa baba yake. Babu yake, aliyeitwa Amedeo pia, ndiye aliyewahi kuwa mfalme, tena wa Hispania, hadi alipojiuzulu mwaka 1873.

Hapo ndipo makosa yanapoanzia, kwa sababu majina ya ukoo huu yanajirudia. Kuna maelezo yanayodai kwamba mtu aliyezikwa Mathari ndiye aliyepanda Ruwenzori. Aliyepanda Ruwenzori mwaka 1906 ni baba yake mdogo, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, ambaye alifariki Somalia mwaka 1933 na kuzikwa hukohuko. Mwaka 1906 Amedeo wetu alikuwa mtoto wa miaka saba. Kosa la aina hii halihitaji mtaalamu kulirekebisha. Linahitaji mtu wa kusoma tarehe mbili na kuzilinganisha.

2. Ngazi ya utumishi wake imerukwa

Maelezo ya sasa yanamtoa utotoni na kumweka moja kwa moja kwenye ujenerali, kana kwamba cheo kilimwangukia. Damu ya kifalme ilimfungulia milango mingi, hilo hatulikatai, lakini ngazi ipo na inaweza kuandikwa.

Italia ilipoingia vitani mwaka 1915 alijiunga akiwa na miaka 16, kama askari wa kawaida katika kikosi cha mizinga ya farasi, na akapanda hadi kuwa ofisa. Baada ya vita alikwenda Somalia pamoja na Duke wa Abruzzi. Kisha, kwa kipindi kifupi mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliondoka jeshini na kuishi Kongo ya Ubelgiji, akafanya kazi katika kiwanda cha sabuni huko Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Wageni wetu kutoka Kongo hufurahi sana kusikia hilo, na linastahili sentensi moja kwenye kibao. Mwaka 1924 alipata shahada ya sheria Palermo kwa tasnifu iliyohusu uhusiano wa kisheria kati ya dola za kisasa na wenyeji wa makoloni yao. Tasnifu hiyo inafaa kutajwa ikiwa tu aliyoyatawala baadaye yatatajwa pia.

Aliporudi jeshini alihudumu Libya, katika kampeni ya Italia ya kuiteka upya nchi hiyo, ikiwemo kutekwa kwa Kufra mwezi Januari 1931. Julai mwaka huohuo baba yake alifariki, naye akarithi cheo cha Duke. Mwaka 1932 alihamia jeshi la anga. Alikuwa rubani tayari, na huko Gorizia aliongoza kikosi cha ndege za upelelezi, kisha Stormo (kikosi kikubwa cha anga) ya 4 ya ndege za kivita, halafu divisheni ya anga. Stormo ya 4 ingali inabeba jina lake hadi leo.

Novemba 1937 aliteuliwa kuwa Mwakilishi wa Mfalme na Gavana Mkuu wa Afrika Mashariki ya Kiitaliano, akachukua nafasi ya Rodolfo Graziani. Italia ilipoingia Vita Kuu ya Pili tarehe 10 Juni 1940, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi yote ya Italia katika eneo hilo. Karatasi inayomwita "kamanda wa Amba Alagi" tu, mlima wa Uhabeshi alikosalimu amri mwaka 1941, inamshusha kutoka ukuu wa eneo zima la vita hadi mlima mmoja, na inamwondolea vilevile wajibu wa yaliyotokea kwingineko.

3. Nishani zimechanganywa, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini

Ni sehemu inayoulizwa sana na wageni, na ndiyo iliyoharibika kuliko zote. Kila kilichong'aa kifuani mwake kimeitwa "nishani ya ushujaa". Kuna mambo manne tofauti hapa, na kila moja lina asili yake.

La kwanza ni nishani ya tendo. Medaglia d'oro al valor militare, yaani Medali ya Dhahabu ya Ushujaa wa Kijeshi, ndiyo ya juu kabisa ya Italia kwa tendo la vitani. Medali za dhahabu na fedha za aina hii ziliwekwa mwaka 1833 na Carlo Alberto, mfalme wa Sardinia; ile ya shaba iliongezwa mwaka 1887. Utepe wake ni wa buluu. Amedeo alipewa ya dhahabu kwa ajili ya Amba Alagi mwaka 1941. Hii ndiyo inayopaswa kutangulia kwenye kibao, ikiwa na daraja, mahali na mwaka. Kuandika "alipewa medali ya dhahabu" na kuishia hapo kunamfanya msomaji adhani ni ya michezo, au ya utumishi wa miaka mingi.

La pili ni nishani ya nasaba. Nishani ya Annunziata, iliyoanzishwa na ukoo wa Savoia katika karne ya 14, ilikuwa ya juu kuliko zote katika ufalme huo. Waliokuwa nayo walikuwa wachache, walivaa mkufu shingoni, na walihesabiwa kuwa binamu wa mfalme. Wanaume wa ukoo wa kifalme waliipata kwa sababu walizaliwa humo. Kuihesabu pamoja na nishani za vitani ni kumpa mtu sifa ya ushujaa kwa sababu ya kitanda alichozaliwa. Tena ufalme wenyewe uliondolewa kwa kura ya maoni tarehe 2 Juni 1946, na nishani hiyo si ya dola ya Italia tena. Medali ya Ushujaa wa Kijeshi, kwa upande mwingine, iliendelea chini ya Jamhuri. Kibao kinachoandika zote mbili kama "nishani za serikali ya Italia" kinakosea.

La tatu ni nishani za uongozi. Italia ilikuwa na Nishani ya Kijeshi ya Savoia, iliyoanzishwa mwaka 1815 na kubadilishwa jina mwaka 1947 kuwa Nishani ya Kijeshi ya Italia. Hutolewa kwa uongozi wa vikosi na kazi ya kijeshi. Mtu anaweza kuwa nayo bila medali ya ushujaa, na kinyume chake. Wanaoandika orodha kwa kutazama picha yake akiwa kwenye sare huishia kuzibandika nishani hizi pamoja.

La nne si nishani kabisa. Ngome ya Amba Alagi iliposalimu amri kwa Waingereza, hao waliwaruhusu Waitaliano kuteremka na silaha zao, wakapigiwa saluti na gwaride la heshima, ndipo wakaziweka silaha chini. Hizo ni heshima za vita, desturi ya kijeshi ya zamani. Karatasi moja inayogawiwa inasema "Waingereza walimtunuku". Hakuna nishani ya Uingereza iliyotolewa pale.

Anayetaka kuisahihisha orodha afuate njia hii, ambayo haina gharama: kwa kila nishani aandike jina kamili kwa Kiitaliano na kwa Kiswahili, daraja lake, nani aliitoa, kwa tendo gani, mahali na tarehe. Nishani isiyoweza kujazwa nafasi hizo zote isiingie kwenye kibao hadi hati yake ionekane. Picha si hati, kwa sababu tepe za nishani mbalimbali hufanana kwenye picha isiyo na rangi. Na maneno ya sifa yaliyomo kwenye hati ya medali yakinukuliwa, lazima isemwe kwamba yaliandikwa na serikali yake mwenyewe, wakati wa vita, chini ya utawala wa Kifashisti. Maneno hayo yana thamani yake kama ushahidi wa jinsi Italia ilivyotaka akumbukwe. Hayawezi kuwa ndiyo historia yenyewe.

4. Amba Alagi imegeuzwa kuwa mahali alipouawa

Hakuuawa Amba Alagi. Baada ya Keren, huko Eritrea, kuanguka tarehe 27 Machi 1941 na Addis Ababa kutekwa tarehe 6 Aprili, alirudi nyuma na kujichimbia katika mlima huo wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, kwenye barabara iendayo Asmara. Mashambulizi yalianza mwanzoni mwa Mei. Divisheni ya 5 ya India ilikuja kutoka kaskazini, wanajeshi wa Afrika Kusini wakapanda kutoka kusini, na wapiganaji wa Uhabeshi wakaziba njia zilizobaki. Maji ya kunywa yaliharibika pale kombora lilipopasua akiba ya mafuta, yakatiririkia kwenye chanzo cha maji. Majeruhi walikuwa wengi, na Waitaliano waliogopa zaidi kuangukia mikononi mwa Wahabeshi kuliko mikononi mwa Waingereza. Ukikumbuka miaka mitano iliyotangulia ya Italia kuikalia nchi yao kwa mabavu, sababu ya hofu hiyo iko wazi. Takriban watu 5,000 walisalimu amri.

Kuhusu tarehe: mtaikuta 17 Mei katika hati ya medali na 19 Mei katika vitabu vingi. Tofauti inatokana na kuhesabu mwisho wa mapigano au siku ya kuteremka na kuweka silaha chini. Andikeni 19 Mei 1941 kuwa siku ya kusalimu amri, msiziweke tarehe zote mbili kwenye kibao kimoja bila maelezo kama ilivyo sasa.

5. Kifungo na kifo

Aliletwa Kenya na kuwekwa Ol Donyo Sabuk, mashariki ya Thika. Aliugua malaria na kifua kikuu, akahamishiwa hospitali Nairobi, na huko akafariki tarehe 3 Machi 1942 akiwa na miaka 43. Hakufia Nyeri. Alizikwa Nyeri, karibu na askari wake.

Maelezo yanapaswa kusema pia kwamba kifungo cha ofisa hakikuwa sawa na cha askari wa kawaida. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 uliwapa maofisa posho na kuwakinga na kazi za lazima. Askari wa kawaida wangeweza kufanyishwa kazi. Ndiyo maana barabara inayoteremka bondeni hadi Mai Mahiu, na lile kanisa dogo la mwaka 1942 kando yake, ni kazi ya mateka Waitaliano ambao majina yao hayajulikani na yeyote apitaye na matatu. Na ndiyo maana Duke ana kaburi lenye jina: kifungu cha 76 cha mkataba huohuo kinataka mateka aliyefia kifungoni azikwe kwa heshima, kaburi lake liwekewe alama na litunzwe.

6. Libya na Uhabeshi zimefutwa

Tunafahamu kwamba Amedeo anaelezwa na wengi, wakiwemo maadui zake Waingereza, kuwa mtu muungwana, na kwamba utawala wake ulikuja na ukali mdogo kuliko ule wa Graziani, aliyesimamia mauaji ya Addis Ababa ya Februari 1937 na ya watawa wa Debre Libanos mwezi Mei mwaka huo. Hilo liandikwe. Lakini liandikwe pamoja na haya.

Kampeni ya Libya aliyoitumikia ndiyo iliyowahamisha kwa nguvu takriban watu 100,000 wa Cyrenaica na kuwafungia kambini, na iliyomnyonga Omar al-Mukhtar, mzee wa zaidi ya miaka 70, mbele ya watu wake huko Soluch tarehe 16 Septemba 1931. Naye alifia kifungoni, bila gwaride.

Aprili 1939, Duke akiwa Mwakilishi wa Mfalme, majeshi ya Italia yalilizingira pango la Zeret, kaskazini ya Shewa, walimojificha wapiganaji pamoja na wake zao, watoto na wazee. Yalitumia gesi ya sumu, ambayo Italia ilikuwa imetia saini kutoitumia chini ya Itifaki ya Geneva ya mwaka 1925. Waliokufa ni mamia, na wengi wa waliotoka wakiwa hai walipigwa risasi. Hatusemi kwamba Duke alisimama mlangoni mwa pango. Tunasema kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa utawala, na kwamba mtoto wa Kenya anayesimama mbele ya kaburi hilo ana haki ya kulijua jina la Zeret kama anavyolijua la Amba Alagi.

7. Waafrika wa vita hii hawaonekani

Jeshi lililotoka Kenya kuanzia Januari 1941 lilipita Kismayu na Mogadishu, likapanda Harar na kuingia Addis Ababa. Ndani yake walikuwamo keya, yaani askari wa King's African Rifles, wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na Wanigeria, watu wa Gold Coast na wa Afrika Kusini. Upande wa Italia walikuwamo maelfu ya askari wa Eritrea na Somalia. Mgeni akiondoka Mathari leo anaamini kwamba vita ilikuwa kati ya Wazungu wawili waliokutana mlimani.

Nishani za wazee wetu zinaweza kuelezwa kwa sentensi tatu. Waliohudumu katika kampeni ya Uhabeshi, Eritrea na Somalia kati ya tarehe 10 Juni 1940 na 27 Novemba 1941 walistahili Africa Star, nishani ya Uingereza yenye umbo la nyota. Nyingi za nyota hizo zilitolewa bila jina la mwenyewe kuchongwa nyuma, kwa hiyo familia iliyopoteza kitabu cha malipo chenye namba ya askari haiwezi kuthibitisha nyota ni ya nani. Familia zinapaswa kuambiwa hivyo mapema, ili zitunze karatasi pamoja na chuma.

Na siku ileile, 19 Mei 1941, ngome ya Amba Alagi ilipokuwa ikisalimu amri, sajini Nigel Leakey wa kikosi cha keya aliuawa Colito, huko Uhabeshi, baada ya kuparamia kifaru cha adui na kuwaua waliokuwamo isipokuwa dereva. Alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, mwaka 1945, na mwili wake haukupatikana. Waliokuwa naye siku hiyo walikuwa Waafrika. Kwa nini tarehe hiyo inatajwa kwa ajili ya Duke pekee?

8. Mateka mwingine wa Nyeri

Waheshimiwa, hatuwezi kuzungumzia kamanda aliyefia kifungoni, tukiwa Nyeri, tukaruka jina la Field Marshal Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. Cheo chake alipewa na jeshi lake msituni. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa hapahapa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wakoloni hawakumkubali kuwa mateka wa vita, kwa hiyo hakuna kifungu cha 76 kilichomlinda. Alizikwa gerezani bila alama. Nairobi ina sanamu yake tangu tarehe 18 Februari 2007, lakini kaburi linalotambuliwa rasmi halipo.

Hatuombi Duke aondolewe alipo. Alizikwa kwa haki na abaki kwa haki. Tunaomba maelezo ya Mathari yataje tofauti hiyo waziwazi, na kwamba ninyi, mnaosimamia kumbukumbu za nchi, mfungue daftari za maziko za Kamiti za mwaka 1957, au mseme rasmi kwamba hazipo na zilipotea vipi.

Udhuru tunaotarajia

Mtatuambia kwamba kanisa lina wenyewe na serikali haiwezi kuingilia. Hatugusi kanisa, madhabahu wala kaburi. Karatasi za wageni, vibao vya barabarani na mafunzo ya waongoza wageni viko chini yenu.

Mtatuambia hakuna fedha. Kibao kimoja cha alumini chenye maandishi yaliyochapwa na kukaushwa kwa joto hakihitaji bajeti ya wizara. Kinachogharimu ni kukirudia kwa sababu maandishi yalikosewa, au kwa sababu rangi ya bei rahisi ilipauka kwa jua la mlimani, kama ilivyotokea kwa vibao vya mbao mnavyovijua. Herufi ziwe nyeusi juu ya rangi hafifu, zenye urefu usiopungua milimita 8, na kibao kiinamishwe kidogo ili maji ya mvua yasitulie. Kiswahili kianze, kisha Kiingereza na Kiitaliano. Maandishi yasizidi maneno 150 kwa kila lugha, maana watu husoma wakiwa wamesimama.

Mtatuambia wageni wa Italia watakasirika. Utafiti wa pango la Zeret uliojulisha ulimwengu tukio hilo ulifanywa na mwanahistoria Mwitaliano. Wageni wanaokuja kuzuru makaburi ya babu zao huuliza maswali magumu kuliko yetu, na huondoka wakiwa hawajaridhika wanapojibiwa kwa ngano.

Tunachoomba

Karatasi za sasa ziondolewe mara moja. Kuzisubiria zimalizike ghalani ni kueneza kosa kwa kujua. Iundwe kamati ndogo yenye mwanahistoria wa Uhabeshi, mmoja wa Italia na wawili wa Kenya, ipitie kila tarehe na kila nishani kwa njia tuliyoieleza katika hoja ya 3. Waongoza wageni wote wa Nyeri wapewe mafunzo ya siku moja kabla ya maelezo mapya kutumika, kwa sababu kibao sahihi hakisaidii kitu ikiwa mdomo wa mwongozaji bado unasema vilevile. Na maelezo mapya yapelekwe kwa shule za kaunti kabla ya muhula wa ziara kuanza.

Ili isionekane tunalalamika bila kazi mkononi, tunapendekeza maandishi haya ya kibao:

"Amedeo wa Savoia, Duke wa tatu wa Aosta. Alizaliwa Torino, 21 Oktoba 1898. Askari wa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza. Alihudumu katika kampeni ya Libya. Jenerali wa jeshi la anga. Mwakilishi wa Mfalme wa Italia huko Uhabeshi kuanzia 1937, na mkuu wa majeshi ya Italia Afrika Mashariki 1940–1941. Mwaka 1939, wakati wa utawala wake, majeshi ya Italia yaliua mamia ya watu kwa gesi na risasi katika pango la Zeret. Alisalimu amri Amba Alagi, 19 Mei 1941, mbele ya majeshi ya India, Afrika Kusini, Uingereza na wapiganaji wa Uhabeshi. Medali ya Dhahabu ya Ushujaa wa Kijeshi ya Italia, Amba Alagi, 1941. Mateka wa vita, Ol Donyo Sabuk. Alifariki Nairobi kwa malaria na kifua kikuu, 3 Machi 1942. Amezikwa hapa karibu na askari wake."

Mkiona neno lisilo sahihi humo, tuonyesheni hati nasi tutalibadilisha siku hiyohiyo. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60 tangu barua hii itoke, likitaja nani amepewa kazi hii na ataimaliza lini. Nakala tumezipeleka kwa walimu wakuu wa shule zinazoleta wanafunzi Mathari, pamoja na orodha ya makosa manane yaliyoelezwa hapo juu, ili wasiendelee kuyafundisha wakati tukiwasubiri.

Wenu katika kuitunza historia,

Waongoza wageni, walimu wa historia na wasomaji wa nyaraka za vita,
Nyeri.